Hita ya Fundi Uhakika

Fundi huyu wa magari jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika. Watu walimwita Uhakika. Ukimpelekea gari linalokohoa, hata kabla hujalizima ameshatamka: "Ni pampu ya mafuta, nina uhakika." Likifunguliwa ikaonekana si pampu, hababaiki: "Basi ni plagi, nina uhakika." Kwa mtindo huo alikuwa hakosei kamwe, maana jibu la mwisho ndilo alilolihesabu.

Siku hiyo gari lililomkaba koo lilikuwa lake mwenyewe. Bintiye alikuwa amejifungua mjukuu wa kwanza, na kesho yake asubuhi wangetoka hospitali. Mji wao uko mlimani, asubuhi baridi huingia mpaka kwenye mifupa, na hita ya gari la Uhakika ilikuwa inapuliza upepo wa barafu. Binti akapiga simu, akasema kwa adabu zote: "Baba, kama hita haijapona, baba mkwe atakuja kutuchukua na gari lake. Tutaanzia kwake."

Uhakika akabaki amenyong'onyea, simu mkononi. Yule mkwe mwenzake alikuwa mtu mwema sana, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwa sababu hakuwa na la kumsema. Alitaka mjukuu aingie nyumbani kwake kwanza. Alitaka sana, na wala hakuona aibu.

"Feni imechoka," akamwambia mkewe. "Nina uhakika."

Alipoiwasha, feni ilivuma mpaka ikamrushia vumbi la miaka machoni. Basi maji yamepungua kwenye rejeta. Akafungua kifuniko, akayakuta yamejaa pomoni. Basi ile rejeta ndogo ya hita, iliyojificha nyuma ya dashibodi, imeziba. Akachomoa mipira yake miwili, akapitisha maji ya bomba, yakatoka upande wa pili safi, ungeweza kuyanywa. Akarudisha kila kitu, akawasha injini, akaiacha ingurume mpaka majirani wakafunga madirisha. Akaishika mipira. Yote miwili ilikuwa vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa. Na mshale wa joto ulikuwa umelala chini, pale pale ulipolala siku zote. Kwa kawaida alijivunia mshale huo. Gari lake, alisema, haliijui homa.

Hapo akili ikamjia. Akafungua mahali inapokaa themostati, kile kifuniko kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ndani palikuwa patupu.

Akaingia nyumbani kwa kishindo, mikono imejaa grisi. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alikuwa ameinamia meza akikata flaneli ya kumfunika mjukuu.

"Kuna fundi mpumbavu ametoa themostati ya gari langu," akasema. "Watu wa namna hiyo wanyang'anywe spana. Injini yenyewe haipati moto, hita itautoa wapi?"

Mkewe hakuinua macho. "Gari hilo limewahi kuguswa na fundi mwingine?"

Nyani haoni kundule. Kumbukumbu ikamjia Uhakika bila kuitwa. Zamani walipokuwa wakiishi bondeni kwenye joto kali, aliitoa mwenyewe ili injini isichemke, kama walivyofanya mafundi wenzake wote wa huko. Alisema kidude kile hakina kazi, ana uhakika.

Mkewe akanyanyua kimoja cha vizito anavyotumia kushikilia kitambaa kisiteleze. Kilikuwa kidude cha shaba chenye springi, kimeingia chaki kila mahali.

"Ulinipa wewe. Ukasema labda mimi nitakitafutia kazi."

"Miaka yote hii?"

"Kimefanya kazi vizuri. Hakijawahi kunilalamikia."

Lakini je, bado kilikuwa kizima? Wakakitia kwenye sufuria ya maji, wakasimama mbele ya jiko bega kwa bega. Maji yakipata moto, kilitakiwa kufunguka chenyewe. Kisipofunguka, mjukuu anakwenda kwa watu wema.

"Nitie chumvi?" akauliza mke.

"Usinitanie, mama watoto."

Mvuke ukapanda, kidude kimetulia tu. Uhakika akafumba macho.

"Hebu tazama," mkewe akasema.

Kifuniko kilikuwa kinajiinua polepole. Fundi alishusha pumzi, akamshika mkewe bega kwa mkono wenye grisi, na kwa mara ya kwanza hakugombezwa. Gasketi mpya, ya kuzuia maji yasivuje pale themostati inaporudishwa, waliikata kwenye karatasi ngumu, na aliyeikata ni mke, maana mkasi ni wake na mkono wake ndio ulionyooka.

Asubuhi, mbele ya hospitali, gari la mkwe mwenzake lilikuwa limeshafika, limeoshwa linang'aa. Wakasalimiana kwa heshima. Binti akaingiza mkono kwenye gari la baba yake, akauweka mbele ya tundu la hewa, akauacha hapo. Kisha akaingia, akampa mama yake mtoto kwenye kiti cha nyuma.

"Baba, haitapoa njiani? Una uhakika?"

Uhakika akashika usukani. Akamtazama mkewe kwenye kioo.

"Muulize mama yako."

Mkewe alikuwa anamfunua mtoto flaneli usoni, kwa kuwa ndani kulishakuwa na joto.

"Ana uhakika," akasema. "Twendeni nyumbani."