Meno Juu ya Meza ya Wakili

Ofisini kwa wakili wake, mwenye karakana ya meno bandia hakai mpaka afute vumbi la plasta viganjani, hata siku ambayo hakuigusa plasta. Kisha hukaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mzee huyu humwita fundi wake, mgeni kutoka nchi nyingine, "mwanangu," ingawa wamepishana miaka michache tu. Ombi la viza ya kazi ya fundi huyo lilikataliwa, na leo rufaa nayo imegonga mwamba kwa sababu ileile: mwajiri hakuonyesha kwamba kazi yenyewe inahitaji mtu aliyeisomea. Kila alipoulizwa kazi, mzee alimsifu mtu. Hachelewi, halewi, ana adabu. Kwenye rufaa akaongeza mashahidi, hadi mkwewe, wote wakiimba sifa zilezile.

"Mzee wangu, hapa umemposea mke," wakili akamwambia. "Tutaomba upya. Ila niambie, huyu bwana anafanya nini hasa?"

Mzee akafuta viganja. Kisha akatia vidole kinywani, akang'oa safu nzima ya meno ya juu, kazi ya fundi huyo, na kuiweka mezani, ikimeta. Midomo ikamwingia ndani. Akaanza kueleza jinsi taya linavyopimwa, jinsi fizi inavyosinyaa, na jinsi jino moja likizidi kimo kwa unene wa karatasi mtu anavyokula kwa maumivu. Maneno yalimtoka yakivuja upepo, wakili akawa anainama ili ayasikie.

"Mbona huandiki?" mzee akauliza. "Meno siyarudishi mpaka umalize."