Gauni la Kifungua Mimba

Mtu akiniambia tena kwamba kifungua mimba huzaliwa na moyo wa kubeba wenzake, nitamwomba anionyeshe moyo huo unakaa wapi. Nimemtazama dada yangu tangu nipate akili. Alizaliwa mtoto kama watoto wengine, mwoga wa mende na mpenda sukari. Kisha, kabla meno ya utoto hayajamtoka yote, Mama alimfunga kaka yetu mgongoni mwa dada huyo kwa shuka kuukuu akamwambia, "Mshike mwenzako, mimi nachelewa kazini." Mama alikuwa mpishi katika jiko la hospitali. Baba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na kila akija aliacha mtoto. Baada ya kaka nikaja mimi, baada yangu akaja mdogo wetu, na shuka ikawa ileile. Huo moyo wanaousifia ni shuka tu, wala si kitu kingine.

Nyumbani kwetu neno "Dada" lina mwenyewe. Mimi pia ni dada wa mdogo wetu, lakini hajawahi kuniita hivyo hata kwa bahati mbaya. Mimi ni Kati, kwa sababu utotoni nililala katikati ya kitanda. Kaka yetu, wa pili kuzaliwa, anaitwa Kaka Mkubwa, ingawa aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati ni Dada. Anafanya kazi kwenye ofisi ya bima, na akiwa nyumbani anazungumza nasi kama wateja waliokuja na madai ya uongo. Wa mwisho tunamwita Mtoto. Mtoto ana ndevu, kitambi na talaka moja, na bado kipande kizuri cha nyama kinawekwa upande wake wa sahani.

Dada ni fundi cherehani. Alianza kwa viraka vyetu, akaenda kwenye sare zetu, kisha majirani wakaona, na sebule ya Mama ikageuka karakana. Sisi hakutupima kwa utepe hata siku moja. Alikutazama ukiwa umesimama mlangoni, akashika mkasi, na nguo ikakukaa. Alizikata na upindo mpana kwa ndani, ili ukirefuka aufungue. Sketi yangu ya shule ilikuwa na mistari iliyofifia huko chini, mmoja juu ya mwingine, kila mstari pale pindo lilipokuwa zamani.

Yeye mwenyewe amevaa maisha yake yote nguo ambazo wateja hawakurudi kuzichukua. Zinakaa kwenye kamba mwaka mzima, mwenyewe haonekani, basi Dada anazivaa. Leo ana mabega ya mwalimu fulani, kesho ana kiuno cha mwenye duka la dawa. Panapopwaya anabana na pini, anaendelea na kazi. Sijawahi kumwona amekata kitambaa kwa ajili yake.

Sasa mwaka huu, mteja wake mmoja, mkuu wa chuo cha ufundi kilicho mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, alimwomba aende kufundisha ukataji. Mwalimu wao alikuwa amestaafu. Kazi ipo, chumba cha kukaa kipo, wanafunzi wanasubiri. Dada aliponipigia simu kunieleza, sauti yake ilikuwa ya msichana. "Kati, hebu fikiria," akasema, "darasa zima, na kila mtu ana mkasi wake!" Mkuu alimpa hadi Jumapili mchana. Angepiga simu kuchukua jibu, na kama ni hapana, kulikuwa na mwingine kwenye foleni.

Kaka Mkubwa aliposikia, akaitisha kikao Jumapili hiyohiyo.

Tulikaa sebuleni. Dada alikuwa amesukuma cherehani ukutani na kuifunika ili tupate pa kuweka miguu. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, magoti yake mabovu yameinuliwa juu ya kigoda, na kila mtu akamzungumzia kama kabati la kuhamishwa. Kaka Mkubwa akasafisha koo.

"Ajenda ni moja," akasema. "Dada, tunakupongeza. Sio kila mtu anaitwa na chuo. Lakini tuongee kama watu wazima. Mama atabaki na nani?"

"Nilidhani tungepanga zamu," Dada akasema.

"Zamu!" Mtoto akacheka. "Mimi hata chai siwezi kupika, Dada, unanijua."

"Umekataa kujifunza," nikasema.

"Kati, subiri nafasi yako," Kaka Mkubwa akanikatiza, na damu ikanichemka papo hapo, maana nafasi yangu nimeisubiri tangu nizaliwe. Akamgeukia Dada kwa sauti ya asali. "Kila mtu ana alivyoumbwa. Mtoto ni wa mwisho, amezoea kubebwa, hatutambadilisha leo. Kati ni wa kugombana tu. Mimi nina majukumu. Lakini wewe ni kifungua mimba. Kulea kuko kwenye damu yako. Hata ukienda huko, hutakuwa na amani."

Nilimtazama nikatamani kumtupia kigoda, ila Mama alikuwa anakitumia. Mwanamume mzima, amepigiwa pasi mashati na dada yake hadi siku ya harusi, anakaa pale kumweleza dada huyohuyo habari za damu yake! Dada alikuwa anaitazama simu iliyokuwa juu ya cherehani. Mabega yake yalikuwa yameanza kushuka, na mimi nayajua mabega yale. Yalishuka hivyohivyo alipoacha shule ili Kaka Mkubwa aendelee kusoma. Nikajua anakaribia kusema basi, yaishe.

"Na ili ujue tunakuthamini," Kaka Mkubwa akaendelea, "Mtoto, lete."

Mtoto akatoa mfuko chini ya kiti. Ndani yake mlikuwa na gauni la rangi ya zambarau, lenye bitana, kola ya kusimama na vifungo vilivyovikwa kitambaa. Fundi cherehani kushonewa gauni na fundi mwingine, tena kwa siri! Mimi sikuwa nimeambiwa lolote, mambo ya nyumba hii hunifikia yakiwa yamepoa. Lakini nilimwona Dada akilishika, akaligeuza ndani nje kama kawaida yake, akapitisha kidole kwenye mshono. Macho yake yakajaa machozi.

"Mmenishonea mimi?" akauliza.

"Nani mwingine?" Mtoto akasema. "Kavae basi tukuone."

Akaingia chumbani. Alikaa huko muda mrefu kuliko mtu anavyovaa gauni. Kaka Mkubwa akaniangalia kwa ushindi, kana kwamba mkataba umeshatiwa sahihi.

Kisha akatoka. Dada ni mrefu na mwembamba, milango ya nyumba hii anaipita kwa kuinamisha kichwa. Gauni lilikuwa limeishia magotini. Mikono ilikomea juu kidogo ya viwiko. Kifuani na kiunoni palikuwa na nafasi ya kuingia mtu mwingine, na kitambaa cha pembeni alikuwa amekikamata kwa ngumi.

"Vipimo mlivitoa wapi?" akauliza. Hakupaza sauti.

Mtoto akajikuna ndevu. "Fundi aliomba vipimo, tukawa hatuna. Tungekuuliza wewe ungeshtuka. Basi nikampelekea gauni moja la Mama."

"La Mama."

"Kaka alisema chukua lolote la Mama. Mko sawa tu."

"Sikusema sawa," Kaka Mkubwa akaruka. "Nilisema… kwa makadirio."

Mama yetu ni mfupi, mnene, mabega mapana ya mtu aliyeinua masufuria ya hospitali. Ukimsimamisha kando ya Dada, kichwa chake kinafika kwapani. Watoto wake wawili, wenye macho mazima, wameishi na wanawake hawa wawili tangu kuzaliwa, na waliambiana kwamba umbo lao ni moja. Wala hawakuwa wanafanya ubaya. Hilo ndilo lililonipandisha moto kuliko yote. Walikosea kwa moyo mweupe kabisa. Walipomfikiria Dada, aliyewajia kichwani alikuwa mama.

"Mpumbavu wewe!" nikamwambia Mtoto. "Na wewe mwenye makadirio ndiyo zaidi! Amekukatia suruali tangu hujui kunya chooni, anajua hadi mguu wako upi mfupi! Wewe unajua nini chake? Sema kimoja!"

"Kati, acha," Dada akasema.

"Siachi!"

"Acha, nimesema." Akarudi chumbani, akatoka na nguo yake ya kila siku, ya mteja asiyejulikana, pini kiunoni. Gauni la zambarau lilikuwa mkononi. Akampita Kaka Mkubwa, akampita Mtoto, akapiga magoti mbele ya Mama.

"Mama, inua mikono."

Mama akainua mikono kama alivyozoea. Dada akamvalisha juu ya nguo aliyokuwa nayo, akamsimamisha taratibu, akafunga vifungo kimoja kimoja, akavuta kola ikasimama. Gauni lilimkaa kila mahali. Halikutaka pini hata moja. Mama akajitazama kwenye kioo cha wateja, akalipapasa tumboni, akatabasamu.

"Limenipendeza," akasema. "Umenishonea lini?"

"Sikushona mimi. Wameshona hawa."

"Wamenishonea mimi?"

"Walidhani ni langu."

Mama akageuka. Akamtazama binti yake wa kwanza kuanzia miguuni, polepole, akipanda, hadi ikabidi ainue uso.

"Lakini wewe ni mrefu," akasema. "Umemfuata baba yako."

"Ndiyo, Mama," Dada akasema. "Mimi ni mrefu."

Hapo simu ikaita. Kaka Mkubwa alikuwa karibu nayo zaidi, akanyoosha mkono. Dada alimtazama tu, mkono ukarudi. Akaipokea amesimama wima, na sijui kama nilikuwa nimewahi kuona urefu wake wote.

"Ndiyo, mkuu," akasema. "Nakuja. Kesho asubuhi napanda basi. Hapana, hakuna tatizo nyumbani. Mama ana watoto."

Akakata simu. Kaka Mkubwa akasema hili ni jambo la kujadiliwa. Dada akamjibu, "Mmeshajadili. Gauni ni la Mama, na mama ni wenu. Mimi ni mtoto mwenzenu." Akaingia chumbani na kufunga mlango. Tukamsikia akiburuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Tulibaki tumekaa. Mama alikuwa bado anajitazama kiooni, lakini tabasamu lilikuwa limemtoka. Kaka Mkubwa akafungua shati kifungo cha juu. Akanitazama, akatazama mlango wa jikoni, akanitazama tena, na nikaona hesabu ikipita usoni mwake. Mtoto alikuwa wa haraka kuliko yeye. Akajinyoosha kitini, akapiga miayo, na kwa sauti ileile aliyoitumia maisha yake yote kwa mtu mwingine akasema:

"Dada, hivi hakuna chai?"

Alikuwa ananitazama mimi.

Nikafungua mdomo nimtukane, ndipo nikagundua kwamba nimeshasimama. Miguu yangu ilikuwa imeniinua na kunipeleka yenyewe, na mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa cha mlango wa jikoni.

Nikauondoa mkono. Nikarudi nikakaa.