Jinsi Nilivyolazimishwa Kusherehekea Krismasi Namitope

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, niliomba likizo ya Krismasi nikapewa, jambo lililonishangaza. Kisha mvua ikaifunga barabara ya Lindi, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Nilikuwa mkaguzi wa mizani mjini Mtwara. Kwetu ni Upareni, safari ya siku nne kwa basi kama mvua haijanyesha, na mama yangu alikuwa na barua yangu isemayo, "Krismasi hii nitakuwepo."

Wenzangu wa bara, walimu na makarani tuliopanga jirani kule Shangani, walikuwa wameondoka kabla ya mvua. Nikabaki peke yangu kama mwaka uliotangulia. Mwaka huo nilijaribu kusherehekea. Nilipika kuku mzima, nikavaa suti, nikafunga madirisha na kuanza kuimba nyimbo za kwetu. Katikati ya wimbo wa tatu karani mmoja wa bandarini akabisha hodi, akauliza kwa sauti ya chini msiba umetokea wapi. Akakaa nami saa nzima akinifariji, akala nusu ya kuku. Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Safari hii niliamua kutosherehekea kabisa. Nilichohitaji ni mahali ambapo tarehe ishirini na tano ni siku ya kazi. Katika orodha ya ofisi nikakiona kijiji cha Namitope, karibu na mahali Ruvuma unapoingia baharini: ghala moja la korosho, msikiti mmoja, kanisa hakuna. Nikafunga mawe yangu ya mizani katika sanduku lake la mbao, nikaenda kutafuta lori.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne tukatoka Mtwara kwa njia ya Kilambo. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kuuliza maswali.

"Ndugu mkaguzi, si nasikia uko likizo?"

"Niko likizo."

"Na huko unakwenda kufanya nini?"

"Kukagua mizani."

Akakwepa madimbwi matatu. "Mimi likizo yangu," akasema mwishowe, "huwa nalala."

Mchana tulikwama mara mbili. Mara ya pili tulikata matawi ya mikorosho tukayalaza chini ya magurudumu, na lori liliponyanyuka lilinirushia tope kuanzia kifuani hadi viatuni. Kabla ya kufika Kilambo dereva akanishusha penye njia panda, akanionyesha njia ya miguu. Nikatembea saa mbili na sanduku begani, kwanza katikati ya mikorosho, halafu kando ya mashamba ya chumvi yaliyojaa maji ya mvua, halafu penye mikoko, ambako sikuona tena njia bali miguu ya watu waliotangulia kuzama. Nilijisikia vizuri. Hakuna aliyeniuliza Krismasi nitakula wapi.

Saa kumi jioni nikafika kwenye kizuizi cha Namitope. Ilikuwa boriti iliyolazwa juu ya mapipa mawili, na kando yake mtu mrefu mwenye bunduki ya mti, zile walizofundishiwa mgambo. Ng'ambo ya mto vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea, na kila kijiji cha mpakani kilikuwa kimeambiwa kiwe macho na wapelelezi wa Wareno. Yule mtu alikuwa Kamanda Chitanda, mkuu wa mgambo wa kijiji. Akaomba karatasi zangu, nami nikampa niliyokuwa nayo. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"'Zakaria Mchome, mkaguzi wa mizani. Ameruhusiwa likizo. Sababu: kusherehekea Krismasi na mama yake mzazi, Upareni.'" Akaniangalia. "Mama yako yuko Namitope?"

"Hapana, Kamanda. Barabara imefungwa."

"Basi Krismasi utaisherehekea hapa?"

"Sisherehekei."

"Karatasi inasema unasherehekea."

"Nimebadili nia."

"Karatasi ina mhuri," akasema Kamanda. "Wewe huna. Kati yako na karatasi, nimwamini nani?"

Akaniamuru nifungue sanduku. Yalipoonekana mawe ya shaba, makubwa kwa madogo, yamepangwa kwa safu, akarudi nyuma hatua mbili, akauliza kama yanalipuka. Nikamweleza kuwa nimekuja kazini.

"Ukiwa likizo?"

Hapo hata mimi niliyasikia maneno yangu yalivyokuwa. Mkristo anayemkimbia mama yake na sikukuu yake, akaja mpakani kufanya kazi siku ambayo serikali imemruhusu asifanye! Nilifungiwa katika ghala la korosho. Chakula nililetewa kingi, samaki wa nazi na ugali wa muhogo, na mlinzi akaniombea usingizi mwema.

Asubuhi ya Krismasi halmashauri ya kijiji ilikutana uwanjani mbele ya ghala, na kijiji kizima kikaja kusikiliza. Mwenyekiti, Mzee Bakari Nalinga, alikuwa mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu. Alisimama akasoma ajenda, nayo ilikuwa moja: Krismasi ya mgeni.

"Ndugu zangu," akasema, "jambo hili ni jepesi. Kama mgeni ni Mkristo kweli, basi na asherehekee tumwone. Akishindwa, mchana huu anapelekwa kambini kwa wanajeshi, wao watajua la kumfanya."

Nikasimama. "Mzee, mtu halazimishwi kusherehekea."

"Halazimishwi," akakubali. "Anaombwa. Krismasi inahitaji vitu gani?"

Sikupata jibu jingine ila la kweli. Nikasema: kanisa, nguo mpya, mbuzi, wali, kuimba, na ndugu. Katibu akayaandika yote. Kanisa hakuna, wakapitisha ghala litumike. Mbuzi yuko. Kuhusu ndugu, Mwenyekiti alisema wote tulikuwa tunaitana ndugu siku zile, kwa hiyo hilo limekwisha. Nguo zangu zilikuwa tope tupu, basi mtu mmoja akaenda nyumbani kwake akaniletea kanzu nyeupe mpya, haijavaliwa hata mara moja, na kofia yake. Mpaka leo siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia nikiwa nimesimama siku ya Krismasi kati ya magunia ya korosho, Mlutheri wa Upareni, ndani ya kanzu na kofia iliyodariziwa.

"Sasa aje mjuzi," akasema Kamanda Chitanda.

Sikuwa nimejua kuwa kuna mjuzi. Watu wakapisha, akaja mama wa makamo, Mmakonde wa ng'ambo, mwenye chale za zamani mashavuni. Jina lake Filomena. Alikuwa amevuka mto akikimbia vita, akapokelewa Namitope, na kwa kuwa alisomea misheni utotoni, kijiji kilimtegemea kwa mambo yote ya Ukristo, ingawa mpaka siku ile halikuwa limetokea hata moja. Alikuwa ameoga na kuvaa vizuri. Akazunguka ghala mara moja, akanitazama kofia, akasema:

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani, Mama Filomena?" akauliza Mwenyekiti.

"Krismasi ni mtoto. Misheni walimweka pale mbele, kwenye majani. Bila mtoto, haya ni mashindano ya kula mbuzi."

Nikasema kwetu hatuweki mtoto, tunahubiri tu. Mama Filomena akageukia halmashauri na kutikisa kichwa, na nikaona mlango wa kambi ya jeshi unanifungukia. Mtoto mchanga aliyekuwa karibu ni wa Kamanda mwenyewe, wiki saba tangu azaliwe, jina lake Ramadhani. Kamanda akasita.

"Atafanywa nini?"

"Hafanywi kitu," akasema Mama Filomena. "Atalala. Sisi tutafurahi kwamba amezaliwa."

"Hilo hata mimi nalifanya kila siku," akasema Kamanda, akaweka chini bunduki yake ya mti, akamlaza mwanawe juu ya gunia la korosho kwa mikono miwili.

Nikaambiwa nianze. Nilikunja mikono nikainamisha kichwa. Mama Filomena akapiga kelele: "Hajaweka ishara ya msalaba! Huyu si Mkristo!"

Ghala zima likachafuka. Nikasema kwa sauti kuwa mimi ni Mlutheri.

"Mlutheri ndiyo nini?" akauliza Mwenyekiti. "Ni kabila?"

Nikajaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mpelelezi. Aliyeniokoa ni Mzee Bakari. Aliwanyamazisha watu kwa mkono. "Ngojeni. Hapa kwetu si wapo wanaopiga dufu kwenye maulidi, na wapo wanaosema dufu si halali? Na msikiti ni mmoja?" Watu wakaguna, lilikuwa jambo lenye uchungu. "Basi. Mama huyu ni wa dufu. Mgeni ni wa bila dufu. Endelea, mwanangu."

Nikaanza wimbo wa beti tatu ambao mama yangu huuanzisha kila Krismasi, kwa Kipare. Ubeti wa kwanza ukatoka. Nilipofika wa pili, haukuwepo. Niliutafuta kichwani nikaona kitu kingine kabisa: mama yangu amesimama kituo cha basi pale chini ya mlima, na kanga yake mpya, tangu juzi, akitazama kila anayeshuka. Sikuwa nimempelekea hata neno moja kwamba sitafika. Niliona aibu kuandika, nikasema nitaandika kesho, na hizo kesho zote nilizitumia kutafuta mahali pa kujificha. Nikarudia ubeti wa kwanza. Nikarudia tena. Mara ya tatu sauti ilikatika, nikalia mbele ya kijiji kizima, nikijipangusa na mkono wa kanzu ya watu.

Ramadhani naye akalia.

Hakuna aliyecheka. Nikamsikia mtu amekuja kusimama karibu yangu. Alikuwa Mama Filomena. Alianza wimbo wake yeye, kwa Kimakonde na maneno mengine ya kule misheni, na akanigusa kiwiko ili nami niendelee na wangu. Tukaimba hivyo, nyimbo mbili zisizopatana kwa lugha mbili, mmoja akiwa mbele ya mwenzake, mpaka zote zikaisha, wangu ukiwa umeisha mapema.

Mwenyekiti akamwomba Kamanda maoni yake.

"Nimeridhika," akasema Kamanda Chitanda, akimnyanyua mtoto. "Mpelelezi angefundishwa. Wareno wasingemtuma mtu asiyejua hata wimbo wake mwenyewe."

Halmashauri ikapitisha kwa kauli moja kwamba mimi ni Mkristo, tena dhaifu.

Mchana tukala. Mbuzi alichinjwa na imamu, wali ulipikwa na akina mama wa kijiji kwa zamu ya kazi za pamoja, na kila aliyepita alinipa mkono akasema, "Hongera kwa Krismasi," kama mtu aliyepata mtoto. Nilikaa na Mama Filomena pembeni. Nikamwuliza miaka yote hiyo, peke yake, alikuwa akifanyaje.

"Mwaka wa kwanza niliacha," akasema. "Nilisema, na nani? Nikaenda shambani kulima. Siku ile haikuisha, mwanangu. Jua lilisimama. Mwaka wa pili nikaoga, nikavaa, nikachoma muhogo wangu, nikakaa ufukweni nikitazama ng'ambo kwetu, nikaimba."

"Ikawa nafuu?"

"Haikuwa nafuu. Ilikuwa ndefu vilevile. Lakini nilikuwa nimeoga."

Halafu akaniuliza kama wasio na dufu hujua kupika mbuzi kwa pilipili, kwa maana hawa wa Namitope walikuwa wamemharibu.

Asubuhi ya tarehe ishirini na sita nikarejea. Kamanda alinisindikiza kupita mikoko, amenibebea sanduku, akiniuliza jina la kila jiwe na uzito wake. Mizani ya kijiji sikuikagua. Nilisahau, na hakuna aliyenikumbusha. Mfukoni nilikuwa na barua ya kijiji, yenye mhuri, isemayo: "Tunathibitisha kwamba Ndugu Zakaria Mchome amesherehekea Krismasi mbele ya mashahidi, na hakuacha chochote isipokuwa beti mbili."

Mtwara nilikwenda posta kabla ya kwenda nyumbani, nikampelekea mama simu ya maandishi. Kwa mara ya kwanza sikuandika sababu za barabara. Niliandika kwamba nimekosea kunyamaza, na kwamba nimekula. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, likiniuliza kitu kimoja tu: ni nani aliyepika.

Mkuu wangu wa ofisi aliisoma ile barua ya Namitope mara mbili, akaniuliza aiweke jalada gani. Sijui aliiweka wapi. Ninachojua ni kwamba tangu hapo sijawahi tena kujiuliza kama mtu aliye peke yake anapaswa kusherehekea au la. Naoga, navaa, naanza wimbo, na nikisahau ubeti narudia ule ninaoujua. Nilikwenda mbali ili siku hiyo isinione, na huko ndiko nilikokuta watu walio tayari kuikalia mkutano ili nisiikose.

Mwezi wa kumi na moja mwaka uliofuata ofisi ilipokea bahasha kutoka Namitope, imeandikwa jina langu. Mwenyekiti alinisalimu, akasema Mama Filomena ameandaa nyimbo na Ramadhani sasa anatembea, hivyo mwaka huu itabidi atafutwe mtoto mwingine wa kulala. Halafu akaomba nijibu haraka, maana halmashauri ilitaka kupanga mapema: je, Krismasi itakuwa tarehe ileile ya mwaka jana, au tungoje mwezi uandame?