Kina cha Bangili za Mama

Mashine yenyewe, ya kutafutia vyuma ardhini, haikuwa yangu. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Asiatique, aliyeinunua akiamini kwamba itamwonyesha dhahabu ndani ya milima ya Kongo, mita tatu chini, kama alivyoapiwa na aliyemuuzia. Haikumwonyesha hata kijiko. Akaniletea mezani pangu, mimi fundi wa redio, nimwambie imeharibika wapi. Niliunga waya mmoja uliokatika, lakini nilijua kwamba hata ikiwa nzima haitafika popote karibu na hizo mita tatu.

Niliijaribu nyuma ya karakana kwa sarafu ya mfukoni. Nikaifukia kina cha kidole, ikalia. Kina cha kiganja, ikalia. Kina cha shubiri, ikalia kwa shida, tena sarafu ikiwa imelala chali. Nilipoisimamisha ubavu, mashine ilipita juu yake kimya. Pete ilisikika kwa taabu zaidi, na mkufu mwembamba ndio kabisa. Kifuniko cha sufuria kilisikika mpaka karibu na goti, lakini nani anazika vifuniko vya sufuria? Nilimweleza mwenye mashine ukweli huo, akanikasirikia kana kwamba mimi ndiye niliyeumba ardhi. Akasema nikae nayo kwanza, hataki kuiona. Nikaipeleka nyumbani, mtaa wa Buyenzi, kwa sababu ya bangili za mama.

Zilikuwa nne, za dhahabu, alizovalishwa na bibi yangu alipoolewa. Kwetu, Waislamu wa mjini, hatukuwa na mashamba wala ng'ombe wa kurithishana. Mali ya mwanamke ilikuwa ile iliyo mkononi mwake. Tangu dada yangu akiwa mdogo, mama alikuwa akisema kwamba siku ya arusi atamvalisha yeye mwenyewe. Kisha vita vikaingia mtaani, tukakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Huko ndiko tulikoona kwamba mikono ya mama ni mitupu, na tulipouliza alisema amezizika uani, karibu na mlango wa jiko. Tuliporudi, baba alikuwa amekwisha kufia ugenini, jiko lilikuwa limegeuzwa kuni, na ua ulikuwa umefanywa gereji na mafundi tusiowajua. Mafundi waliondoka, lakini mama akawa anasema tungoje hali itulie. Hali haikutulia. Sasa dada alikuwa ameposwa, arusi imebaki wiki tatu, na mama mkwe wake amekwisha kuuliza, kwa upole wake, bibi arusi atavaa nini mikononi.

Nilimwarifu mkuu wa mtaa kwanza, maana miaka ile mtu akionekana anachimba uani, watu hawafikirii dhahabu, wanafikiria bunduki. Alikuja, akatazama, akapiga miayo, akaenda zake. Sote tulikuwa tumechoka hivyo. Risasi zilisikika upande wa Kinanira na hakuna aliyeinua kichwa.

Ua wa gereji ni adhabu. Mashine ililia kila hatua: nati, misumari, gololi za beringi, vizibo vya soda, maganda ya risasi. Kila mlio niliinama, nikachimba, nikatoa takataka. Kufikia Ijumaa nilikuwa na ndoo mbili za vyuma na mgongo usionyooka. Dada alikuwa akiniletea chai na kunitania.

"Kaka, we unafungua gereji yako?"

Nilimuuliza mama alizika kina gani. Alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele.

"Mpaka hapa," akagusa kiwiko. "Watu walisema askari wako na mashini ya kuona chini."

Kiwiko ni mbali kuliko shubiri. Kwa hiyo nikawa natoa udongo wa shubiri moja, napitisha mashine, natoa wa shubiri nyingine. Kazi hiyo ilinila siku nne. Nilipofika kina cha kiwiko udongo ulikuwa safi, hauna hata msumari, na mashine ilikuwa kimya.

"Apana, mwanangu," mama alisema. "Labda ilikuwa zaidi. Mi nililala kwa tumbo, mukono ukaingia wote." Safari hii aligusa kwapa.

Nikachimba mpaka kwapani. Kimya. Akasema basi labda ni upande wa choo, tena chini kidogo. Hapo ndipo nilipotupa jembe. Nilimwambia mama maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake: kwamba bangili zake zina miguu, kwamba kila nikishuka, nazo zinashuka, kwamba sijui ananifanya mimi mjinga au punda. Aliweka ungo chini.

"Imetosha," alisema. "Toka mu shimo. Hamuna kitu humo."

Nilidhani nimemuudhi. Lakini alikuwa akinitazama kwa utulivu wa mtu aliyechoka kubeba.

"Nilizitoa ku bariyeri, ile siku ya kukimbia. Wale vijana walikutoa mu foleni, wakakupeleka nyuma ya gari. Nikamufuata mukubwa wao, nikavua zote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mutoto ajue bei yake?" Akachukua ungo tena. "Nilizani mashini itashindwa siku ya kwanza, yaishe. Sikujua utachimba hivi."

Nilikikumbuka kizuizi kile vizuri sana. Kwa miaka yote nilikuwa nikiwasimulia watu kwamba Kirundi changu kizuri ndicho kilichoniokoa, kwamba niliwaamkia wale vijana kwa adabu na hata mmoja wao akacheka. Nilikuwa nimeisimulia mara nyingi hata nikaongezea vichekesho. Niliona aibu, kisha nikalia humo humo shimoni, kwa uchovu zaidi kuliko huzuni. Mama aliendelea na mchele wake. Alichoogopa kilikuwa kimoja tu, nani atamwambia binti yake.

Nilimwambia mimi, alasiri ile ile, aliporudi kutoka kwa mshonaji. Nilimweleza yote nikiwa na udongo mpaka mabegani, na sikujiongezea wala kujipunguzia kitu. Nilitegemea alie. Alitazama shimo, akatazama ndoo za vyuma, kisha akanitazama mimi.

"Basi siku ya arusi ukae karibu yangu, kaka," alisema. "Watu wakuone."