Maji Yalikuwa Yanaenda Wapi

Ipo asubuhi moja ya soko la Endulen, mwanangu, ambayo sijaisahau mpaka leo na mvi hizi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, dereva wa pikapu ya shangazi yangu Paskalina, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Juzi uliponipigia simu kuniambia umenunua gari kuukuu lililokwisha kutembea kilomita laki tatu, ukaniuliza ni dawa gani umimine kwenye injini ili lifike mbali, nilicheka peke yangu. Dawa sina. Nina habari ya ng'ombe, nayo nitakupa yote, kaa utulie.

Shangazi alikuwa mjane, mkulima wa kule Mbulumbulu. Alivuna mahindi na maharage yake, akanunua na ya majirani, nami kila wiki nilipakia magunia nikayapeleka Endulen. Kule ni ndani ya hifadhi ya wanyama, watu ni wafugaji, kulima hakuruhusiwi, si kama kwetu, kwa hiyo mahindi yalitoka huku. Pikapu ile ndiyo mali pekee aliyoachiwa na marehemu mume wake. Iliwalisha watoto watatu na ikawalipia shule. Ikifa, basi, hakuwa na kingine. Yeye hakujua kuendesha, kazi yake ilikuwa kuniuliza kila niliporudi, "Gari linasemaje?" Nami nilijibu halina shida, nikaenda kuoga.

Shida ilikuwepo. Kwa wiki tatu rejeta ilikuwa inapungua maji, tena kidogo tu mwanzoni, kiasi cha kikombe. Nikaweka dumu la maji nyuma ya siti. Nikishapita geti la hifadhi na kuumaliza mlima mrefu wa msituni, nilisimama juu ukingoni mwa kreta, kwenye ukungu na baridi, nikasubiri injini ipoe, nikaongeza maji, nikaendelea. Mshale wa joto haukupanda hata siku moja. Niliwapita madereva wengine wamesimama boneti zinafuka moshi, nikajiona mimi ndiye makini. Kikombe kikawa viwili, baadaye ikawa dumu zima la lita tano. Unajua nilifanya nini? Nilitafuta dumu kubwa zaidi.

Asubuhi ile ya soko nilikuwa namimina maji wakati Mzee Parmet amesimama pembeni. Huyu alikuwa mfugaji, mteja wetu wa siku nyingi, mtu wa maswali. Hakuwahi kushika usukani, lakini kila soko lazima aulize jambo: kwa nini tairi hili limelika upande mmoja, kwa nini moshi wa leo ni mweusi. Mimi nilimjibu juu juu, kama mtu anayemjibu mtoto. Siku hiyo alilitazama dumu mpaka likaisha, kisha akauliza kama soko lililopita pia gari lilikunywa hivi. Nikasema lilikunywa pungufu kidogo.

"Na linakojoa wapi?"

Watu waliokuwa karibu walicheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Mzee Parmet hakucheka. Alichuchumaa akaangalia chini ya gari, akapapasa vumbi kwa kiganja. Vumbi lilikuwa kavu. Akasogea mbele, akasogea nyuma, akapapasa tena. Aliposimama hakuwa na hasira wala dharau. Alikuwa na hamu tu ya kujua, na hiyo ndiyo iliyoniaibisha.

"Ero, kijana, ng'ombe wangu akinywa hivi, mimi naona maji yanapotokea. Haya hayajatoka. Yako ndani yake mahali. Wewe mwenye gari ndiye wa kuniambia ni wapi."

Wiki tatu nilikuwa namimina maji na sikujiuliza hata mara moja yanaenda wapi. Nikafungua kifuniko cha oili, kwa mara ya kwanza tangu sikumbuki lini. Ndani yake kulikuwa na povu zito la rangi ya chai ya maziwa. Hata mimi na ujinga wangu nilijua oili haiwi na rangi ile. Maji yalikuwa yanaingia kwenye oili, na injini ilikuwa inajisaga.

Sikuthubutu kuiwasha tena. Nilituma ujumbe kwa shangazi na kwa fundi wa mjini Karatu, kwa lori lililokuwa linarudi huko, nikalala kwa Mzee Parmet siku mbili. Jioni alinisimamisha naye kwenye lango la boma wakati ng'ombe wanaingia. Nilidhani anawahesabu. Hapana. Alikuwa ananionyesha: huyu jana aliingia wa pili, leo ameingia wa mwisho; huyu anakanyaga mguu wa nyuma kwa tahadhari; yule hajacheua. Mimi niliona ng'ombe tu. Yeye aliona jana na leo ya kila mmoja. Nilimuuliza maswali mpaka giza likaingia, na yeye akaniuliza ya injini, na mengi sikuyajua.

Siku ya tatu alikuja fundi Sulle, na shangazi akiwa naye kwenye lori. Fundi alifungua kichwa cha injini, akatoa gasketi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imeungua upande mmoja. Alikipima kile kichwa, akakuta hakijapinda, akashusha pumzi. Alisema ningepanda ule mlima mara moja tu na mzigo, beringi zingekwisha na injini ingebaki chuma chakavu.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza lilianza lini. Nilitamani kusema juzi. Mzee Parmet alikuwa amesimama pale pale, akitusikiliza, basi nikasema wiki tatu.

"Wiki tatu nakuuliza gari linasemaje," shangazi alisema polepole. "Nilidhani unalisikiliza."

Afadhali angenitukana. Nilimpa fundi spana siku nzima bila kumtazama mtu usoni.

Pikapu ilipona. Saa yake ya kilomita ilimaliza namba zote ikaanza upya, na watoto wa shangazi walimaliza shule wote watatu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Gari kuukuu haliuawi na uzee. Linauawa na lile jambo dogo ulilolizoea. Badilisha oili kwa wakati, hilo fundi yeyote atakuambia, na vumbi letu hili jekundu ulitoe kwenye chujio la hewa kabla halijaingia ndani. Lakini zaidi ya hayo lijue lilivyokuwa jana. Asubuhi chomoa kijiti cha oili, tazama rangi, nusa. Angalia ardhi lilipolala. Ukimaliza safari ndefu sogeza mkono karibu na kila gurudumu, uone lipi lina joto kuliko mwenzake. Likibadilika, usiongeze kitu ukaendelea. Uliza kwanza kwa nini, na usione haya kumuuliza hata asiyejua kuendesha. Na kama gari ni la mtu mwingine, mwambie siku ile ile, hata kama utagombezwa, kwa sababu riziki yake iko mikononi mwako naye hana njia nyingine ya kujua.

Mungu akupe jicho la kuona mapema na ulimi wa kusema unachokiona. Uipande milima yote na mzigo wako, na wanaokungoja nyumbani wakuone ukirudi.