Wifi Yangu Funga-Kwanza

Wifi yangu tulimwita Funga-Kwanza, na jina hilo alilichuma mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa nyumba ya karantini, wanamofungiwa wadudu walioletwa kutoka ng'ambo waje kula magugu yetu. Milango ni miwili, yote ya chuma, na katikati pana chumba cheusi kama tako la sufuria. Wa nje ufungwe kwanza, ndipo wa ndani ufunguliwe. Ukitoka, anakupangusa kwa brashi toka utosini hadi nyayo, hata uwe mkuu wa kituo. Nyumbani kwake ni hivyo hivyo. Wageni aliwasimamisha juani kati ya geti na sebule, eti geti halijakaza komeo.

Mume wangu ni kaka yake, tumbo moja. Shamba letu la alizeti lilikuwa limemezwa na gugu la maua meupe, lile ambalo likikugusa ngozi inavimba na kupasuka. Shingo ya mume wangu ilikuwa kidonda kitupu, alijikuna kwa gunzi mpaka shuka likalowa damu. Ng'ombe walilila, maziwa yakawa shubiri. Na mbawakawa wa kulitafuna gugu hilo wapo, wanono, kwa dada yake!

"Nipe mkebe mmoja tu, dada," mume wangu akamwomba.

"Bado wanajaribiwa. Gugu hilo na alizeti ni ndugu. Wakilimaliza wakahamia kwenye alizeti yako, utamlilia nani?"

"Nitakulilia wewe."

"Basi anza sasa, nina nafasi."

Mume wangu hakucheka. Kesho yake asubuhi akaondoka na mtarimbo begani. Nani anapalilia kwa mtarimbo? Nikabeba jembe, nikamfuata mbio.

Nilipofika, mlango wa nje ulikuwa umeng'oka bawaba moja, unaning'inia. Kati ya wadudu wale na mashamba ya watu wote umebaki mlango mmoja, na wifi kauegemea kwa mgongo, komeo kalifunika kwa ngumi.

"Toa mkono!"

"Ung'oe."

Akapiga. Nilisikia vidole vikivunjika kama vijiti vya kuwashia moto. Wifi akabadilisha mkono. Mume wangu akamshika nywele, akambamiza kichwa kwenye chuma, mara mbili, damu ikamrukia mwenyewe usoni. Mkono ukaachia, komeo likatoka, mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha kiganja. Wifi akaurudisha kwa bega. Mtarimbo ukainuka tena, safari hii kuelekea kichwani.

Nikampiga mume wangu kwa mpini wa jembe, nyuma ya sikio. Akaenda chini kama gunia. Nikafikiri nimekuwa mjane kwa mkono wangu.

"Wifi, wifi yangu, uko hai?"

"Funga huo mlango kwanza, mjinga wewe!"

Nikausukuma ule wa nje, nikauegemea. Yeye akalirudisha komeo la ndani, akawasha tochi, akaishika kwa meno, akapiga magoti kando ya kaka yake. Nikadhani anasikiliza pumzi. Wapi! Alikuwa anampekua: kola, mikunjo ya shati, nywele. Akampata mbawakawa mmoja anatambaa kwenye damu, juu ya nyusi. Akamponda kwa dole gumba palepale kwenye paji la uso. Mume wangu akaguna.

"Yu hai," wifi akasema. "Sasa niitie daktari."

Vidole viwili vya wifi vilikatwa. Mume wangu alifungwa, na aliyetoa ushahidi mbele ya hakimu ni dada yake, bandeji mkononi.

Mume wangu alirudi kutoka gerezani amenyauka. Wakati huo majaribio yalikuwa yamekwisha: mbawakawa walikufa njaa juu ya alizeti, hawakuigusa. Ruhusa ikatoka. Aliyeleta mkebe wa kwanza shambani kwetu ni wifi, kaukumbatia kwa mkono wa vidole vitatu.

Mume wangu aliutazama ule mkono. "Kumbe hawali alizeti," akasema. "Ungenipa siku ile, vidole vyako vingekuwepo."

"Siku ile nilikuwa sijui. Na wewe ulikuwa hujui."

"Lakini nilikuwa sahihi."

"Ulibahatisha, kaka. Mtu hafungui mlango kwa bahati."

Akanyoosha mikono apokee. Wifi hakumpa. Alinipa mimi, akageuka kuondoka.

"Wifi," akaniita kutoka njiani, "ukishawamwaga, huo mkebe ufunike."