Guka Amezima Tena

Hili nilitaka kulificha, lakini mtaa wote wa Kiuu unalijua. Kompyuta yangu ya mezani imezeeka, ndiyo maana naiita Guka, yaani babu. Juzi niliinunulia memori huko Thika, niweze kutazama filamu na kucheza gemu ya kuvua samaki. Nilikaa mbele yake nikiota: ziwa limetulia, ukungu unapanda taratibu, nami navua bila haraka. Ghafla skrini ikawa nyeusi. Mawazo yakiwa bado kwenye hilo ziwa, nikamwandikia fundi: “Guka amezima tena. Anapumua kwa shida na kumbukumbu imepotea. Njoo kesho asubuhi tumsaidie.”

Asubuhi nilifungua mlango nikitarajia fundi. Walikuwa akina mama wa kikundi chetu cha maombi, na blanketi, na thamosi ya uji. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye grupu yetu ya simu, si kwa fundi.

“Pole sana,” alisema Mama Njeri, kiongozi wetu, machozi yakimlengalenga. “Guka amelala wapi?”

Nikaonyesha meza. Guka alikuwa amelazwa ubavu, kifua wazi, nyaya nje.

Mama Njeri akamtazama, akanitazama.

“Ngai! Na huu uji, tumnyweshe kwa tundu gani?”